Pleti juu ya mfongo

Wateja wengi wanaoingia karakanani kwangu hapa Pasua, Moshi, huuliza swali moja kabla hata ya kuuliza bei. Wanaishika pleti ya milimita 6 iliyoegemezwa ukutani, wanaigonga kwa kidole, kisha: "Fundi, hii inabeba kilo ngapi?" Nami hujibu kwa swali: "Baba, mfongo wako una upana gani?" Wengine huona kama namkwepa mtu mzima. Lakini pleti iliyoegemea ukuta bado haina kilo zake. Inazipata siku inapolazwa juu ya pengo, na kabla sijalijua pengo hilo, namba yoyote nitakayotaja ni ya kubahatisha. Juu ya pleti hiyo watapita watoto wa shule na mama mwenye mkungu kichwani, kwa hiyo sibahatishi.

Kazi yangu kubwa iko mlimani Kilimanjaro: Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu. Huko, kati ya barabara na kihamba, shamba la migomba lenye nyumba, mara nyingi unapita mfongo, mfereji wa maji ambao wazee walianza kuuchimba kabla Wajerumani hawajafika. Kwa mtu na ng'ombe, magogo mawili yalitosha. Siku hizi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kinataka kuingia mpaka uani, kishushe saruji na kuondoka na ndizi, na hapo ndipo watu wanapokuja kutafuta chuma.

Nichukue mfongo wa sentimita 60, na pleti ya milimita 6 yenye upana wa sentimita 50 iliyolazwa ukingo hadi ukingo. Hesabu yake yeyote aliyepita VETA anaiweza. Upana kwa milimita, mara unene, mara unene tena, gawa kwa 6: 500 × 6 × 6 ÷ 6, unapata 3,000. Chuma cha kawaida huanza kupinda moja kwa moja kwenye nyutoni kama 250 kwa kila milimita ya mraba. Mimi siendi huko, naishia 165. Zidisha 165 kwa 3,000, zidisha kwa 4, gawa kwa pengo la milimita 600. Jibu ni nyutoni 3,300, yaani kilo kama 336, zikikaa katikati na zikitandaa upana wote wa pleti. Tairi likikanyaga pembeni, sehemu ndogo tu ya chuma ndiyo inayofanya kazi na namba hiyo inashuka.

Sasa kirikuu. Magari ya aina hiyo Japani huruhusiwa kubeba kilo 350, na gari lenyewe likiwa tupu lina kilo kama 700 na kitu. Likibeba mzigo halali, tairi moja la nyuma linakandamiza kilo 300 hivi. Mlimani nani anapakia mzigo halali? Mikungu inapangwa mpaka inapita kichwa cha gari, kisha dereva anateremka, anafunga breki, na tairi linaitwanga pleti. Kwa sababu hiyo huchukua uzito wa tairi nikauzidisha mara mbili kabla ya kuanza chochote. Hata kwa mzigo halali, kilo 336 zinapita nusu ya njia kidogo tu.

Mteja akisikia hivyo husema, basi nipe ya milimita 12. Si wazo baya. Unene ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara 4 na ugumu wa kutobonyea mara 8. Ila chuma kinauzwa kwa uzito: kila milimita ya unene kwenye mita moja ya mraba ni kilo 7.85. Kipande cha mita moja kwa nusu mita kinatoka kilo 23.5 na kufika kilo 47, na fedha inapanda hivyo hivyo. Halafu kuna siku ya msaragambo, watu wanaposafisha mfongo. Pleti lazima inyanyuliwe. Ikiwa nzito mno wataiacha, matope yatajaa chini yake, na maji yatatafuta njia nyingine pembeni.

Mimi humshauri abaki na milimita 6, tuongeze engo laini mbili chini yake, za milimita 50 kwa 50, unene milimita 5. Mita moja ya engo hiyo haifiki kilo 4. Lakini peke yake inagoma kubonyea mara 12 kuliko pleti yote ile pana. Aliyejenga jukwaa la mafundi anaelewa kwa nini: ubao wa 2 kwa 4 ukiulaza unayumba, ukiusimamisha kwa ubavu unatulia, na ubao ni ule ule.

Hapa ndipo ningependa vijana wa kazi yangu wapatie macho. Kwanza, engo zivuke mfongo, ukingo mpaka ukingo. Nimeona pleti zilizochomelewa engo kwa kufuata urefu wa mfongo. Chuma kimenunuliwa, umeme umelipwa, na nguvu iliyoongezeka kwenye pengo ni karibu bure. Pili, tazama engo imegeukia wapi. Wengi huibandika ubavu mzima kwenye pleti kwa kuwa ni rahisi kuchomelea. Mimi huisimamisha: makali ya ubavu mmoja ndiyo yanayogusa pleti, na ubavu mwingine unalala kule chini kabisa, mbali na pleti. Chuma kikiwa mbali ndipo kinaposaidia. Kwa vipimo hivi, engo iliyobandikwa bapa inaongeza nguvu karibu mara 3 ya pleti tupu; iliyosimamishwa, karibu mara 10. Tofauti yote hiyo haidai hata shilingi ya chuma, inadai subira tu. Nachomelea vipande vifupi vya sentimita 5, huku na huku kwa zamu, kwa sababu ukikimbiza moto mstari mmoja pleti nyembamba inajikunja kabla haijafika Kibosho.

Kabla kazi haijatoka karakanani naijaribu mbele ya mwenyewe. Nailaza juu ya matofali mawili ya zege kwa pengo lile lile la mfongo wake, nafunga uzi kutoka ncha hadi ncha, napima nafasi kati ya uzi na chuma. Kisha naweka kipande cha mbao katikati, kukatiza, ili mzigo ukae mstari mmoja, na juu yake mifuko ya saruji, kilo 50 kila mmoja. Pleti tupu ya milimita 6 kwa mifuko 6 inashuka kama milimita 7, unaiona kwa macho. Yenye engo, uzi hauoneshi kitu. Lakini kipimo ninachokisubiri kinakuja baada ya kushusha mifuko: je, chuma kimerudi pale pale kilipokuwa? Kikibaki chini hata milimita moja, kilishazidiwa, na hakitoki mlangoni kwangu.

Unene nao naupima mwenyewe kwa vernia. Kuna pleti zinauzwa kama milimita 6 na ukizibana unakuta 5 na pointi. Kwa nguvu, 5.2 badala ya 6 ni kupoteza robo. Kutu hufanya hivyo hivyo polepole, na unyevu wa mfongo unaisaidia: ikila milimita moja juu na moja chini, unabaki na 4, na nguvu iliyosalia ni chini ya nusu. Ndiyo maana napaka redoksaidi upande wa chini mara mbili, upande ambao mteja haoni.

Kinachoangusha pleti nyingi mlimani, hata hivyo, nimekuta ni udongo. Masika maji yanakula kingo. Mfongo uliokuwa sentimita 60 unakuwa 90, na hakuna aliyepima tena. Nguvu imeshuka kwa theluthi, na kubonyea kwa mzigo ule ule kumezidi mara 3. Mwenye nyumba anasema chuma kimechoka, kumbe chuma ni kile kile, pengo ndilo lililokua. Kwa hiyo nadai kila upande pleti ikalie sentimita 30 juu ya jiwe au zege, isikalie udongo mtupu, na chini yake nachomelea vizuizi viwili vinavyogusa ukingo, ili breki ya gari isiisukume.

Akija mwenye Canter la mchanga, simuuzii pleti. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 10 kwenye ekseli moja ya tairi nne, yaani tani 2 na nusu kwa kila tairi, na gari la mchanga halipiti mizani likitoka mtoni kwenda kihambani. Huyo namwelekeza kwa fundi wa zege, amwage kalvati.