Kiatu cha kwendea Idjwi



Mnakumbuka namna mweka hazina wetu alivyoteleza kwenye ubao wa kupandia mashua, pale bichi, hapa Bukavu. Mjukuu alikuwa mgongoni, mkoba wa likelemba mkononi. Mtoto hakupata kitu, pesa hazikulowa, lakini mkono wa mama ulivunjika, na ni miezi miwili sasa hajashika jembe. Miguuni alikuwa na babushi, zile za mpira za kuendea bafuni. Sisemi hivi kwa kumcheka. Siku ile sisi wote tulikuwa nazo.

Kwa kuwa mimi naenda Idjwi karibu kila juma kununua mananasi, kikundi kilinipa kazi: nitafute kiatu ambacho mama anaweza kukilipa, kisichoteleza, na ambacho hakitakufa kabla ya mwaka kwisha. Nilidhani ni kazi ya siku moja. Imenichukua safari tano.

Anayekaa mbali na ziwa hawezi kujua ule ubao. Upana wake ni viganja viwili hivi. Kila anayepita anauachia kitu: tope jekundu la milima yetu, magamba ya sambaza, maji yaliyomwagika kwenye bidoni. Na kando za Kivu hazishuki polepole kama mto wa kuchotea maji. Hatua chache tu toka ukingoni, mguu haupati tena chini. Katikati kina kinafika karibu mita 480. Ukishavuka ubao bado hujafika. Ndani ya mashua kuna mbao zenye misumari iliyoinuka, kuna maji ya chini yanayochotwa na kijana mwenye bidoni iliyokatwa, na karibu na mota kuna mafuta. Hapo penye mafuta nawaambia wazi: hakuna soli inayoshika. Kaa mbali, na kama umekanyaga, osha kiatu kwa sabuni siku hiyohiyo.

Tunatoka asubuhi, kwa sababu baada ya saa sita upepo huamka na mawimbi yanaanza kupiga ubavuni. Ukifika kusini mwa Idjwi, upande wa chefferie ya Ntambuka, mashua husimama penye majani na mawe, unashuka maji yakikufika kwenye kifundo, halafu njia inapanda moja kwa moja katikati ya migomba. Kwa hiyo kiatu kinapaswa kufanya kazi tatu: ubao, maji, mlima.

Safari ya kwanza nilivaa bote za mpira, nikijiona mwenye akili. Baharia mmoja mzee akaniangalia, akasema, “Mama, hizo ni za shamba. Ukianguka ziwani zinajaa maji, mguu hauwezi tena kupiga, na kuzivua ndani ya maji ni shida.” Akanionyesha miguu yake: hana kiatu kabisa. Sikuweza kumfuata huko, maana nyayo zangu si zake, na dada yangu aliwahi kukanyaga ndoano ya samaki ikaoza mguu wiki tatu. Lakini neno lake nimeliweka: kiatu cha mashua ni kile unachoweza kukivua kwa mguu wa pili, bila kuinama. Kamba ndefu zenye mafundo matatu hapana.

Sandali za plastiki zenye bakuli ya chuma nilizijaribu pia, franka elfu tano. Zinakauka haraka, na mlimani si mbaya. Mpya zilishika vizuri. Baada ya majuma ya jua soli ikawa ngumu kama sahani, na kwenye ubao uliolowa nilicheza dansi bila ngoma.

Ndipo nikaenda Kadutu, kwenye viatu vya balo. Muuzaji akanitolea jozi moja ya ngozi ya kahawia, kamba ya ngozi imezunguka kisigino, soli nyeupe imejaa vijia vyembamba kama vya mawimbi. Akasema ni vya ofisi. Si vya ofisi! Hivyo ni viatu vya mashua hasa. Huko Marekani, mwaka 1935, mpenda mashua mmoja aitwaye Paul Sperry alitengeneza soli ya namna hiyo. Inasimuliwa kwamba alimwona mbwa wake akikimbia juu ya barafu bila kuanguka, akatazama nyayo zake zenye mikato midogo, akachukua kisu akakata mpira vilevile. Mikato hiyo inafunguka unapokanyaga, maji yanapata pa kwenda, na mpira unabaki umegusa ubao. Nilivinunua franka elfu kumi na tano. Kwenye ubao nilitembea kama niko sebuleni kwangu. Lakini ngozi inakunywa maji, na yetu si safari ya kufurahia jua. Nilivikausha karibu na mbabula, siku ya tatu vikapasuka juu. Kosa langu, najua. Ila nani kati yetu ana siku mbili za kungoja kiatu kikauke kivulini?

Mwishowe nimerudi kwenye raba za kitambaa, zile za soli nyeupe, ambazo wengi tuliziona kuwa za watoto wa shule. Mutumba nzuri nimepata kwa elfu saba. Kabla ya kulipa, bonyeza soli kwa ukucha: ikiacha alama ni laini, itashika, ukucha ukiteleza, rudisha. Kunja kiatu uone kama gundi inafunguka kati ya kitambaa na soli. Nunua saa za jioni, mguu ukiwa umevimba, na kisigino kisipande unapotembea. Mimi nilitoa kamba, fundi wa viatu akanitilia lastiki, akashona ukingo wote kwa uzi wa nailoni, kisha akakata vijia soli nzima kwa wembe. Visiwe virefu, na soli nyembamba usiiguse, itakatika. Kazi yote elfu tatu. Ukirudi, suuza, ning’iniza kivulini mdomo ukiangalia chini. Kitambaa kikifungiwa ndani na maji kinaoza.

Kuna jambo ambalo hakuna fundi atakayelishona. Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova kilizama karibu na Kituku, kule Goma, watu wakiwa wamejazana, na wengi hawakurudi. Kiatu hakisaidii kwenye mashua iliyojaa. Mimi sasa nahesabu watu kabla ya kupanda, nauliza jile la kuokolea, na mara mbili nimeachia mashua ikaenda. Mananasi yalingoja.

Jumamosi iliyopita mweka hazina alikuja bichi na raba zake, lastiki nyekundu, mkono bado umefungwa kitambaa. Alisimama mbele ya ubao hata baharia akaanza kupiga kelele. Tukamwambia baharia anyamaze. Mama akaweka mguu, akaujaribu, akaweka wa pili, akavuka bila kutazama chini. Mjukuu nilimbeba mimi.