Jana Ulifanya Nini Kazini?

Naam, nimerudi mjini. Wiki iliyopita nilikuwa Matogoro, kule Songea, chini ya ile milima unakoanzia Mto Ruvuma. Mama mdogo aliniita kwa jambo moja: binti yake, anayesoma diploma ya kompyuta, anataka kuacha chuo. Na magunia ya mahindi yameshauzwa, ada ya mwaka wa pili imelipwa!

"Kaka, mimi sijui nasomea kazi gani," mdogo wangu akaniambia. "Tunaambiwa tutakuwa wataalamu. Wataalamu wa kufanya nini, kuanzia saa mbili asubuhi?"

Nilitaka kumpa hotuba. Fursa, kujiajiri, dunia imekuwa kijiji. Halafu nikaona aibu. Maneno hayo nimeyaandika gazetini mara ngapi? Sikuwahi kumwuliza mtaalamu hata mmoja siku yake inakwendaje.

Basi nikampigia rafiki yangu anayetunza mtandao wa ofisi moja Dar es Salaam, nikaweka simu kwenye spika. Swali moja tu: jana ulifanya nini kazini?

Akacheka. Asubuhi alibadilisha waya uliotafunwa na panya juu ya dari. Akamsaidia mhasibu aliyesahau neno la siri. Akajaribu kurudisha mafaili kutoka kwenye nakala za akiba, ahakikishe kwamba siku ya balaa yatarudi kweli. Mchana akaandika barua ya kuomba betri, kwa lugha ambayo bosi asiyejua kompyuta ataielewa.

"Na programu je?" binti akauliza.

"Mistari kumi hivi."

Kisha akamweleza habari ya M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, ile ile iliyobeba ada yake. Nyuma ya ujumbe mmoja yupo anayeandika programu, yupo anayeijaribu aone itakwama wapi, yupo anayezuia wezi, anayekesha akiangalia seva, anayepanda mnara, na anayepokea malalamiko ya wateja. Kazi sita hizo, na kila moja ina mtu wake.

"Mimi ningeweza hiyo ya kutafuta makosa," binti akasema taratibu.

Mama mdogo, aliyekuwa anapukuchua mahindi, akadakia: "Hiyo umeianza utotoni!"

Hakusema kama atabaki chuoni. Lakini aliomba namba ya yule rafiki yangu.

Jamani, mlio kwenye kazi hizi, mdogo wako akikuuliza usimpe hotuba. Mwambie jana ulifanya nini.