MLANGO MPYA WA GARAJI YETU



Tangu mwezi wa kumi watu mingi wanatuuliza sisi wa komite ya wanafunzi: mlango wa garaji umekawia namna gani? Fundi wa kusudea chuma, yule wa njia ya soko, alisema atamaliza kwa siku nne. Sisi tumetumia karibu miezi mitano. Kati ya wadogo wetu wa darasa la saba kuna waliosema kwamba makuta ya mlango tumeyakula. Neno hili ni zito, tena linafika mpaka kwa wazazi. Ndiyo sababu tumeomba nafasi katika gazeti letu, tueleze yote pole pole.

Kwanza, ndani ya garaji kuna nini? Kuna gari ya masomo, kuna mifuko ya simenti ikiwako, na zaidi ya yote kuna grupu. Ni hiyo grupu inayotupa taa kwa chumba cha kusomea, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu ya usiku. Mtu wa darasa la chini anaweza kuona ni kitu kidogo. Kwa sisi wafinalisti, tunaongojea egzame ya Leta, grupu ni kama mwalimu mwingine.

Mlango wa zamani ulikuwa wa mbao laini, sehemu ya chini ilikuwa inagusa udongo. Mchwa walipanda ndani yake, maji nayo yakapanda. Usiku mmoja wa mwezi wa kumi mwizi alikuja. Kufuli hakulivunja hata kidogo. Alivuta misumari kwa mkono, ikatoka katika mbao iliyooza kama unavyotoa mwiba katika ndizi mbivu. Akabeba betri ya gari na bidon mbili za mazutu. Grupu ilimshinda kwa uzito wake. Tangu usiku ule sisi wafinalisti tulilala pale kwa zamu, watu wanne wanne, juu ya mikeka, pamoja na mlinzi wetu mzee ambaye anakoroma kupita grupu yenyewe.

Baba Prefe aliita mkutano: yeye, wazazi wawili wa komite yao, mwalimu wa fizika, mlinzi, na sisi watatu kwa jina la wanafunzi. Mambo matatu yalitajwa.

Mzazi mmoja alitaka ule mlango wa kukunja, unaopanda juu kama kwa magazini ya Goma. Ni mzuri kwa macho, lakini unasimama juu ya resori, na resori ni chuma. Siku itakapokatika kwa kutu, hapa Kindu utaipata wapi nyingine? Utangoja treni ya Lubumbashi, ao ndege. Jambo hili halikutukawiza.

Wanafunzi wengi walitaka mlango wa tole na chuma. Tusiwacheke, sababu chuma haiogopi mchwa, na mwizi anaiheshimu. Lakini mwalimu wa fizika alituuliza swali: mnaamka asubuhi, mnakuta nini chini ya tole za jikoni? Tukajibu: matone ya maji, hata kama mvua haikunyesha. Akasema ndiyo hiyo. Hewa ya kwetu kando ya Lualaba imejaa maji. Usiku tole inapoa upesi sababu ni nyembamba, na hewa ikiigusa inaachia maji yake pale. Chuma inatoka jasho, na jasho hilo linabaki ndani pamoja na grupu, katika nyaya zake. Tena kutu inaanzia pahali mtu haoni: kwa mshono wa sudire, na kwa ukingo wa chini, pale tole imekunjwa na maji yanalala. Tukasema, basi tununue tole yenye zinki. Alijibu kwamba moto wa sudire unaunguza zinki, kwa hiyo kila mshono unabaki uchi tena, na moshi wake unamtia fundi homa. Inawezekana kupaka rangi ya kuzuia kutu juu ya kila mshono, lakini ni lazima mtu airudilie bila kuchoka. Na bei ya chuma hapa kwetu mnaijua, sababu inatoka mbali. Miti iko karibu.

Ikabaki mbao. Mzee fundi, baba wa mwenzetu mmoja wa interna, alisema neno moja tu: muvula. Tukatembea naye mpaka pale wanaposhusha mbao za pori. Alitufundisha kuchagua. Moyo wa muvula ni wa rangi ya kahawia, mchwa hawaupendi. Lakini pembeni mwa mti kuna sehemu nyeupe, na hiyo wanaila kama mti mwingine wowote. Muuzaji anakuwekea ubao wenye ukanda mweupe na anakwambia ni muvula. Kweli ni muvula, lakini nusu yake ni chakula. Tulikataa mbao nyingi siku ile, na muuzaji alitukasirikia sana. Mzee alituonya pia juu ya mawe. Ndani ya muvula mara ingine kuna jiwe gumu, jeupe, lililofanyika ndani ya mti wenyewe, na msumeno ukilipiga unapoteza meno. Tulikuta moja, kubwa kama yai la kuku. Liko sasa kwa meza ya mwalimu wa biolojia.

Hapa ndipo shida yetu ilianzia, maana mbao zote zilikuwa mbichi. Mzee alisema: mkizipigilia leo, mlango utakuwa mzuri kwa Krismasi, na kwa Pasaka mtapitisha mkono katikati ya mbao. Lazima zikauke chini ya kivuli, zikiwa zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Siku ngapi? Akasema, mbao itawaambia yenyewe.

Tulirudisha habari hiyo kwa darasa letu, na mkutano haukuwa mtamu. Mwenzetu mmoja alisimama akasema: “Bana, sisi tutaondoka mwezi wa saba. Huu mlango ni wa hawa wadogo. Juu ya nini tulale kwa simenti miezi mitatu mingine, na egzame iko inakuja? Chuma ya siku nne inatutosha sisi.” Hakuna aliyemcheka, maana alisema kile ambacho wengi walikuwa nacho moyoni. Mmoja wetu tayari alikuwa amepata malaria kwa zamu ya usiku. Tulijadiliana mpaka kengele ya kulala. Mwisho tuliinua mikono: 19 kwa chuma, 22 kwa mbao. Wale 19 walilala zamu zao kama wengine wote, na tunapenda jambo hilo liandikwe hapa.

Ili tusingoje kwa kubahatisha, tulifanya jambo moja ambalo tunalionea furaha. Tulikata kipande cha ubao ule ule, urefu sentimetre 30, upana 20, unene 3. Tukapaka rangi nzito kwa ncha zake mbili, sababu ubao mfupi unapumua upesi kwa ncha na ungetudanganya. Tukakiweka katikati ya mbao zingine. Kila siku ya posho tulikipeleka kwa laboratwari tukakipima. Siku ya kwanza, katikati ya mwezi wa kumi na moja, kilikuwa na gramu 1.490. Uzito ukashuka, kwanza upesi, kisha pole pole. Mwezi wa pili, posho tatu za mwisho zilitupa 1.235, 1.232, 1.233. Hakikushuka tena. Gramu 257 zilikuwa zimeondoka, karibu kikombe kizima cha maji katika kipande ambacho mtoto anaweza kubeba. Mwalimu alitupa hesabu ya kufanya kwa mlango mzima, upana metre 2,80 na urefu metre 2,40: zilitoka karibu litre 29, zaidi ya bidon moja ya litre 20 iliyojaa. Na upana wa ubao wa sentimetre 20 ulikuwa umepunguka milimetre 4. Kwa mbao 14 ni zaidi ya sentimetre 5. Ule mkono wa mzee ungepita kweli!

Mwezi wa tatu tulijenga. Mzee alifanya mbawa mbili, kila moja mbao saba, na kila ubao unaingia katika mwenzake kwa ulimi. Katikati aliacha nafasi ndogo, sababu mvua ikirudi mbao itakunywa tena kidogo na kuvimba. Mti wa mshazari aliuanzisha chini, upande wa bawaba, ukapanda juu upande wa kufungulia. Kwa mlango wa zamani waliuweka kinyume, ndiyo maana uliinama. Bawaba ni ndefu, zimefungwa kwa bulo zinazopenya mbao mpaka ndani, hakuna msumari wa kuvuta. Sisi tulimwaga kizingiti cha simenti chenye mteremko wa kutoka nje, na mlango unaishia sentimetre 3 juu yake: haugusi chini tena. Juu tuliacha tundu mbili zenye waya, hewa ipite. Wakati wa kuranda tulifunga vitambaa puani, maana vumbi la muvula linawasha na kufanya mtu apige chafya usiku kucha. Kulikuwa na ubishi wa mwisho: mlinzi alitaka kupaka chini mafuta machafu ya motere, kama watu wengi wanavyofanya. Mwalimu wa biolojia alikataa, kisima kiko hatua chache pale. Tukapaka rangi ya mafuta mara tatu, na ncha za chini mara nne.

Sasa mvua za mwezi wa nne zimepita juu yake. Nafasi katikati ya mbao zimekaribia kufungana, lakini mlango haujakwama hata siku moja, na sisi tumerudi kulala katika vitanda vyetu. Karatasi zote za matumizi ziko kwa muhasibu, na daftari la uzito liko laboratwari. Yeye aliyesema tumekula makuta aende asome.

Ninyi mtakaobaki: bawaba zinataka grese kila mwezi, na ncha za chini zinataka rangi tena kiangazi cha mwaka kesho. Kopo lililobaki liko ndani ya garaji, kwa rafu ya kushoto, limefungwa na plastiki. Burashi iko nyuma yake.