Nani Anamlipa Katekista?

Kanisa ninalosali huku Baden, kusini-magharibi mwa Ujerumani, lina ubao wa picha karibu na mlango. Juu kabisa yuko paroko. Chini yake yuko padri msaidizi, kijana kutoka Kerala nchini India, kisha shemasi mwenye mke na watoto. Halafu wanafuata walei: mama mwenye shahada ya teolojia kama ya padri, ambaye kazi yake ni uchungaji, bwana anayefundisha dini shuleni na kuwaandaa watoto wa Komunyo ya Kwanza, karani wa ofisi, mtunza sakristia, mpiga kinanda, mtunza majengo. Kila mmoja ana mkataba, likizo, bima ya afya na pensheni. Hata mshahara wa padri hufuata ngazi za watumishi wa serikali, karibu na zile za walimu wa sekondari.

Wakristo wenyewe ndio hawaonekani. Jumapili ya kawaida unaweza kuchagua benchi zima ukakaa peke yako.

Kwetu Malava, magharibi mwa Kenya, ubao kama huo ungekuwa na picha za mapadri wawili watatu, na baada ya hapo anayeutengeneza angekwama. Angeanza na nani? Katekista wa parokia anapewa kitu kidogo mwisho wa mwezi, fedha zikiwapo. Lakini katekista wa kigango, mwenyekiti wa jumuiya, mwalimu wa kwaya, akina mama wa chama cha wanawake Wakatoliki (CWA) wanaofua nguo za altare na kupika padri akija, mzee anayekata nyasi za uwanja: hao hawamo kwenye orodha ya malipo ya mtu yeyote. Ukiwaondoa kwa mwezi mmoja tu, parokia inabaki majengo.

Kwa wasiopajua, Malava iko kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, nchi ya Wakabras, nchi ya miwa. Sisi Wakatoliki tumechanganyika na ndugu zetu wa Friends (Quaker), waliofika Magharibi kupitia Kaimosi mwaka 1902 na ambao wana kanisa karibu kila kilima. Kwetu imani ililetwa na wamisionari wa Mill Hill, waliofungua misheni ya Mumias mwaka 1904 na ya Mukumu mwaka 1906. Wengi walikuwa Waholanzi, Waingereza na Waairishi, na wengine walitoka Tyrol, kwenye milima ya Austria. Watu wachache namna hiyo wasingeweza kufika kila kijiji. Waliofika vijijini ni makatekista, wenyeji waliojua njia, lugha na ukoo wa kila mtu. Jimbo la Kakamega lilipoundwa mwaka 1978 chini ya Askofu Philip Sulumeti, kazi hiyo ilikuwa imeshafanywa kwa zaidi ya miaka sabini, na kwa sehemu kubwa na watu ambao majina yao hayajaandikwa kwenye jiwe lolote la msingi.

Nirudi kwenye pesa, maana hapo ndipo tofauti inapoanzia.

Nilipojiandikisha kwenye ofisi ya mji huku, niliulizwa dini yangu. Nikasema Mkatoliki, kwa sauti ya mtu aliyepata Kipaimara mbele ya askofu. Mshahara wa kwanza ulipoingia, karatasi yake ilikuwa na mstari ambao sikuutarajia: kodi ya kanisa. Katika jimbo hili na lile la Bavaria ni asilimia 8 ya kodi ya mapato, kwingineko nchini ni 9. Mtu akikatwa kodi ya euro 400 kwa mwezi, kanisa linapata 32 juu yake. Anayekusanya ni ofisi ya ushuru ya serikali, ambayo hubaki na sehemu ndogo kwa kazi hiyo. Haki hii ya makanisa imo katika katiba ya Weimar ya mwaka 1919, na katiba ya mwaka 1949 ikaichukua ilivyo.

Kwa hiyo padri wa huku hana haja ya kutangaza mchango wa kodi ya umeme. Kikapu cha sadaka hupita, watu hutia sarafu, na hakuna anayejali sana zimefika ngapi.

Sasa nenda Malava Jumapili ya mavuno. Kuku wamefungwa miguu mbele ya altare, kuna debe za mahindi, mikungu ya ndizi, maharagwe, na vijana wanaingia na miwa mabegani wakiimba. Baada ya Misa mnada unaanza. Yai moja linaweza kuuzwa mara tano, kwa sababu kila anayelinunua analirudisha mezani liuzwe tena, na kila mara bei inapanda kwa vicheko. Kila kigango kinatajwa na kiasi kilicholeta. Kilicholeta kidogo kinajua kwamba kila mtu amesikia. Viwanda vikichelewa kuwalipa wakulima wa miwa, zaka nayo inachelewa, na paroko anayaona hayo kwenye tangi la gari lake kabla ya kuyasoma kwenye daftari.

Wenzangu wa ughaibuni hupenda kusema kwamba kule nyumbani kanisa ni hai na huku limekufa. Mimi naona usemi huo ni wa haraka. Pesa inayoonekana ina utamu wake, lakini ina macho pia. Mnakumbuka Novemba 2024, Jimbo Kuu la Nairobi lilipokataa mamilioni ya shilingi aliyoyatoa Rais Ruto katika kanisa la Soweto, yakiwamo ya kujenga nyumba ya padri? Nilimpongeza Askofu Mkuu Anyolo. Nikajiuliza pia ni harambee ngapi za nyumba za mapadri huko kwetu zingesimama kama wanasiasa wangezuiwa wote siku moja.

Na kuna jambo la mazishi. Wakabras wanajua ninachosema. Mtu akifa, kabla ya kupanga siku, familia inauliza: jumuiya itasemaje? Mwenyekiti wa jumuiya anafungua kumbukumbu zake. Marehemu alikuwa anahudhuria? Kadi ya zaka ikoje? Kama majibu ni mabaya, huenda padri asije, na akija katekista kuongoza sala, kijiji kizima kinasoma maana yake. Nilidhani mambo haya ni ya kwetu tu. Kumbe huku ni makali zaidi. Mjerumani asiyetaka kodi ya kanisa huenda kwenye ofisi ya serikali, si kwa padri, akatia sahihi kwamba ametoka. Kwa agizo la maaskofu wa Ujerumani la mwaka 2012, aliyetoka hivyo hapokei sakramenti, na anaweza kunyimwa mazishi ya Kikatoliki kama hakuonyesha kujutia kabla ya kufa. Mwaka 2022 walitoka zaidi ya laki tano, mwaka uliofuata zaidi ya laki nne. Tofauti ni kwamba Malava mwenyekiti wa jumuiya anaweza kuombwa. Shangazi yako atakwenda kwake jioni, watakunywa chai, mambo yatalainika. Kompyuta ya ofisi ya ushuru haina shangazi.

Lakini nilianza kuandika kwa sababu ya jambo jingine. Mwanzoni mwa mwaka 2026 Jimbo Kuu la Freiburg, ambamo Baden imo, liliunganisha parokia zake, zaidi ya elfu moja, zikawa 36. Sababu zinajulikana: waumini wanapungua, na mapadri hawapatikani. Mwaka 2023 mapadri wapya katika Ujerumani nzima hawakufika 40. Mtu aliyekuwa na paroko wake kijijini sasa yuko sehemu ya parokia yenye makanisa mengi, na Jumapili nyingine hakuna Misa karibu. Katika kila mahali kunaundwa kikundi cha walei wa kujitolea kuongoza maisha ya kanisa pale: kupanga ibada, kutembelea wagonjwa, kushika funguo. Wanapewa semina na vitabu. Wazee wanalalamika kwamba haya hayajawahi kuonekana.

Yameonekana. Hicho ni kigango. Ukitoka Malava kuelekea Samitsi au Kimang'eti utayakuta, na maaskofu wa Afrika Mashariki walishaamua katika miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndogondogo ndizo msingi wa uchungaji wetu. Jumapili padri akiwa kigango kingine, katekista anaongoza Ibada ya Neno, anasoma Injili, anahubiri, na akimwona bibi kizee hakuelewa, anarudia kwa Lukabras. Jumatano yuko na wakatekumeni. Ijumaa usiku yuko kwenye matanga akiongoza rozari, Jumamosi kaburini. Vijana wanaotaka ndoa wanapitia kwake, na mara nyingi ndiye anayejua kwamba bwana harusi ana mke mwingine Eldoret.

Wajerumani wamepata mfumo wetu wakiwa wamechelewa, na wanajifunza kwa shida kuishi bila padri wa karibu. Hapo naweza kutamba kidogo. Ila kutamba kwangu kunakwama nikifika nyumbani kwa katekista mwenyewe. Yule mama mwenye shahada kwenye ubao wa picha anafanya kazi nyingi zinazofanana na za katekista huyo. Akiugua, mshahara unaendelea. Akizeeka, ana pensheni. Katekista wa kigango anatumia baiskeli yake au anajilipia boda boda, anaacha shamba lake la miwa msimu wa palizi, na tangu bima ya afya ya serikali, SHA, ichukue nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024 anatafuta mwenyewe mchango wa bima kama mkulima mwingine yeyote. Padri akija kigangoni, kuku anachinjwa na imondo, yaani firigisi, inakwenda kwenye sahani ya mgeni, kama inavyostahili. Katekista, aliyekuwa hapo juzi na jana na atakayekuwapo kesho, anakula kinachobaki, na tunamwita mtumishi wa Mungu.

Tumezoea kusema kwamba huo ni wito, si kazi. Sheria ya Kanisa haisemi hivyo. Kanuni ya 231, katika sheria ya mwaka 1983 inayotawala Malava na Freiburg pia, inasema walei waliojitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa wana haki ya malipo yanayofaa, yatakayowawezesha kujitunza wao na familia zao, pamoja na bima na matunzo ya afya. Mei 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa. Heshima hiyo ni nzuri. Ada ya shule ya watoto wake bado ni ile ile.

Sitaki kodi ya kanisa Kenya. Serikali ikianza kukusanya zaka, tutakuwa na kesi mahakamani kabla ya Pasaka. Ninachotaka ni kidogo. Sisi wa Malava tulioko nje tuna kundi la WhatsApp, na tumechangia mabati, spika, kengele na viti vya plastiki. Vitu hivyo vina picha. Vinakabidhiwa kwa nyimbo, jina la mfadhili likitajwa. Nilipopendekeza tulipe SHA ya makatekista wa vigango kwa mwaka mmoja, kundi lilinyamaza siku nzima. Kisha likaja swali ambalo ni la haki: mwaka huo ukiisha, nani ataendelea? Mwingine akauliza kama katekista akilipwa, hatatokea mtu wa kugombea nafasi hiyo kama ya mwakilishi wa wadi (MCA).

Mmoja wa mapadri wa nyumbani alitujibu kwa ujumbe wa sauti. Alisema pesa zisitumwe kwa katekista mmoja mmoja, kwa sababu atakayekosa atajua. Zipite kwenye akaunti ya parokia, kamati ya fedha, ambayo sheria ya Kanisa inailazimisha kila parokia kuwa nayo, itie sahihi, na kila kigango kichangie nusu ili Wakristo wa pale wajue ni mfanyakazi wao. Sisi tulipe nusu iliyobaki. Kuna waliokubali, kuna wanaodai bado tunahitaji uzio wa grotto kwanza. Hesabu ya nusu hiyo, kwa kila mtu wa kundi, ni ndogo kuliko kodi ninayokatwa huku kwa mwezi mmoja bila kuulizwa.