Ngazi ya Rezista

Kompyuta nyingi tulizozikuta maofisini miaka ya 1990 hazikuwa na kadi ya sauti, lakini tundu la printa lilikuwepo. Lilikuwa na pini 25, na pini ya 2 hadi ya 9 zilibeba data. Programu ikituma namba kati ya 0 na 255, pini hizo nane huipokea kwa mkupuo. Ukizifungia ngazi ya rezista za kilo-omu 10 na 20, namba inageuka volti. Volti zikipita kwenye amplifaya, spika inaimba. Kampuni ya Covox ya Marekani ilikuwa imeshauza kifaa cha aina hiyo tangu miaka ya 1980. Sisi tulijiundia wenyewe.

Za kilo-omu 20 zilikuwa adimu, kwa hiyo tulifunga mbili za 10 kwa mfuatano. Kazi kubwa ilikuwa kupima. Pini ya juu kabisa peke yake hubeba nusu ya volti zote, hivyo rezista yake ikipotoka kwa asilimia 5, kama utepe wa dhahabu unavyoruhusu, zile hatua ndogo za chini humezwa zote. Tulimwaga rezista mezani, tukazipitisha kwenye mita moja baada ya nyingine, na zilizolingana tukaziweka kando kama mtu achaguaye mchele. Baada ya jasho lote hilo muziki ulitoka na mchanga ndani yake. Sauti ilikuwa mbaya, tusidanganyane.

Siku hizi kijana wa jirani ananijia na bodi ndogo kuliko kiberiti, yenye chipu ya PCM5102A ya Texas Instruments. Inapokea biti 32. Nyaya za sauti ni tatu tu, kwa utaratibu wa I2S uliotolewa na Philips mwaka 1986: kwenye Raspberry Pi yake, BCK inakwenda pini ya 12, LRCK ya 35, DIN ya 40. Zinabaki za umeme na ardhi.

“Shikamoo mzee. Bodi iko kimya.”

“Marahaba. Pini ya SCK umeiunganisha na ardhi?”

Hakuwa ameiunganisha. Ikiachwa inaelea, chipu haijui kwamba inapaswa kujitengenezea saa yake kutokana na BCK. Tone moja la risasi, nyimbo zikaanza. Angekuwa anataka spika ndogo tu, bila amplifaya ya pembeni, ningemwelekeza kwenye chipu ya MAX98357A, yenye amplifaya ndani yake, maana hii yake haina nguvu ya kusukuma spika.

Ilitoa sauti safi ambayo ngazi yangu isingeifikia hata kwa rezista za dhahabu tupu. Ila nilipochukua mita kwa mazoea, sikuwa na pa kuigusisha. Zamani niliweka ncha kwenye kila kidato nikaona volti zikipanda, namba hii, volti hizi. Sasa biti zinapita mstari mmoja kwa kasi, mita inasoma wastani usio na maana, na mageuzi yote yamefungiwa ndani ya plastiki nyeusi.

Nilimweleza kijana habari za ngazi. Akasema kompyuta yake haina tundu la printa. Nikamwambia Raspberry Pi ina pini za kutosha, nane tu zinahitajika, na rezista zilizopimwa ninazo bado.

“Sasa mzee, nijisumbue kwa nini, na hii inaimba?”

Kiufundi, hana sababu.