Nyumba ya Watu Wanane

Katika michezo yote ya kompyuta niliyowahi kucheza, ulioniudhi zaidi ni The Sims, tena toleo lake la kwanza kabisa, lile lililotoka Februari 2000, mwaka uleule niliozaliwa. Niliukuta Baraka mwaka 2014, katika kibanda kimoja karibu na soko ambako watu walichaji simu, walinakili karatasi na kupigiwa chapa barua za kuomba kazi. Kompyuta ya pale ilikuwa kuukuu na matoleo mapya yaliishinda nguvu, kwa hiyo tulicheza hilo la zamani, maandishi yake yakiwa kwa Kifaransa. Nusu saa tulilipia faranga 500. Nitaeleza kero zake nne. Ya nne ndiyo iliyonisukuma kusoma isimu, ingawa ilinichukua miaka kulitambua hilo.

Kero ya kwanza ni muda. Huu ni mchezo wa kuigiza maisha: unajenga nyumba, unaweka watu ndani, unawatafutia kazi, unawalisha, unawapeleka chooni. Dakika moja ya mchezo ni sekunde moja ya saa ya ukutani, hivyo siku nzima ya mle ndani ni dakika 24. Sasa hesabu na mimi. Nusu saa ilinipa siku moja na robo tu, na asubuhi peke yake ilikula nyingi kati ya dakika hizo. Mtu wangu aliamka, akajinyoosha, akaenda chooni, akaoga, akapika, na kabla hajamaliza kula, gari la kumpeleka kazini lilikuwa limepiga honi na kuondoka. Kesho yake hivyohivyo. Jumapili haikuwepo, kila siku ilikuwa siku ya kazi. Mara nyingi niliinuka kwenye kiti nikimwacha mtu wangu ana njaa, mchafu, na karibu kufukuzwa kazi.

Kero ya pili ni mgeni. Mgeni akifika, anapiga kengele na kusimama mlangoni. Watu wa nyumbani wanaweza kupita huku na huku, lakini yeye haingii mpaka mchezaji abonyeze amri ya kumkaribisha. Ukisahau, anachoka na kuondoka. Kwetu mtu akibisha hodi, hata mtoto anayechezea uani anaitikia karibu, na kiti kinatolewa kabla ya jina kuulizwa. Darasa la pragmatiki lilipofika kwa Austin na hoja yake kwamba tunaposema tunatenda, nilimkumbuka yule mgeni wa kwenye skrini. Neno karibu lilikuwa tendo ambalo bila hilo mlango haukufunguka, ila pale halikuwa na mtu wa kulisema kwa hiari yake.

Na wakishakaribishwa, wanazungumza nini? Lugha yao inaitwa Simlish. Waigizaji wawili, Stephen Kearin na Gerri Lawlor, waliibuni kwa kutamka papo hapo silabi zisizo na maana, ili mchezaji asichoke kusikia sentensi zilezile kila siku. Baadhi ya maneno yalizoeleka: sul sul ni salamu, nooboo ni mtoto mchanga. Siku moja nyanya alipita kunitafuta (kwetu bibi ni mke, kwa hiyo mama wa baba ni nyanya) akasimama nyuma yangu akisikiliza kwa makini.

“Bale banasema luga gani?”

Nikamwambia si lugha ya mtu yeyote. Hakukubali. Alisikiliza tena, kisha akasema huenda ni watu wa mbali sana, na njiani kurudi nyumbani akawa anatusalimu “sulu sulu”, kila neno likiwa limepata irabu yake mwishoni. Leo ningeweza kuandika kurasa tatu kuhusu silabi wazi na maneno ya mkopo. Siku ile nilicheka tu.

Kero ya tatu ni watoto. Kichanga kinakaa kitandani siku tatu, kinageuka mtoto wa shule, na kuanzia hapo hakui tena. Watu wazima nao hawazeeki. Lakini mtoto akishindwa shuleni mfululizo, anapelekwa shule ya kijeshi na harudi tena. Ilinipata na mtoto wa familia yangu ya kwanza, kwa kuwa dakika zangu 30 hazikutosha kumsomesha. Nadhani waliotunga mchezo walikusudia mzaha. Vijana waliokuwa wakisubiri zamu nyuma yangu, ambao hawakuacha kupiga kelele kutwa nzima, walinyamaza. Katika Fizi ya wakati ule, kila mmoja wetu alimjua kijana aliyeondoka na wenye bunduki, na nyumbani kwao hakuna aliyetaja jina lake mbele ya mama yake.

Nafika kero ya nne. Familia ya mchezo haizidi watu wanane, na kila mmoja lazima awe mtu mzima au mtoto, mzee hayupo. Nilikuwa nimeamua kuacha kubuni familia za uongo na kuiweka yetu wenyewe. Sisi tulikuwa kumi na mmoja: baba, mama, nyanya, watoto sita wa tumbo la mama, na watoto wawili wa mama mdogo, aliyefariki kabla sijaanza kukumbuka mambo. Nyanya nilimwacha kwa sababu mchezo haukuwa na mwili wa kizee. Zikabaki nafasi nane, na watu kumi. Niliwaacha watoto wa mama mdogo. Haikunichukua hata sekunde tano kuamua.

Yule mkubwa wa hao wawili, kaka yangu, alikuwa amesimama palepale. Alihesabu vichwa kwenye skrini, akauliza:

“Miye niko wapi?”

“Imejaa,” nikamjibu.

Alitoka nje. Hakurudi tena kwenye kile kibanda, na sisi wawili hatukulizungumzia.

Nilikuwa nimesahau kwamba kaka alikwisha kuachwa mara moja. Nyumbani tuliikimbia vita tukavuka ziwa Tanganyika, tukaishi kambini upande wa Kigoma. Mwaka 2005 meli zilianza kurudisha watu kutoka Kigoma hadi Baraka, na zamu yetu ilipofika nilikuwa na miaka saba. Afisa aliyejaza karatasi yetu alimwuliza mama, kwa Kiswahili safi cha Tanzania: “Hawa wawili ni wa kuzaa au wa kulea?” Mama akajibu: “Ni watoto wangu.” Afisa akarudia swali, na mama akarudia jibu. Sidhani kama afisa yule alikuwa mtu mbaya. Karatasi yake ilikuwa na visanduku viwili, na jibu la mama halikuingia katika kimojawapo. Mwishowe kaka na mdogo wake waliandikwa kwenye karatasi yao peke yao na kusafiri wiki sita baada yetu. Wiki zote hizo mama alishuka ufukweni kila meli ilipotangazwa.

Mama hakudanganya, na hilo naweza kulithibitisha kwa somo nililolisoma hapa. Tangu Lewis Henry Morgan alipochapisha kitabu chake kikubwa kuhusu mifumo ya udugu mwaka 1871, wanafunzi wa istilahi za ukoo wanajua kwamba lugha nyingi humweka dada wa mama katika tabaka moja na mama. Kiswahili chetu kinafanya hivyo waziwazi: ni mama, ila mdogo. Mtoto wa mama yangu mdogo ni ndugu yangu. Neno binamu lipo, limetoka Kiarabu na asili yake ni mtoto wa kiume wa amu, yaani ndugu wa baba, lakini nyumbani kwetu sikuwahi kulisikia. Nilikutana nalo vitabuni. Mama alijibu swali kwa sarufi ya ukoo aliyokuwa nayo. Swali ndilo lililoulizwa kwa sarufi nyingine.

Ndiyo maana nimeuita mchezo huu kero na si upuuzi. Toleo la pili, la mwaka 2004, lilirekebisha mengi: watu wanakua, wanazeeka, na kuna mti wa ukoo. Idadi ya wanane ilibaki. Kila mfumo unaohesabu watu, uwe mchezo, fomu au kamusi, unaamua mapema ni udugu gani utakaoweza kusemwa ndani yake. Asiyesemeka hatukanwi wala hafukuzwi. Anakosa mstari tu, na anayejaza karatasi anaona ametenda haki, kama mimi nilivyoona pale kibandani.

Mwaka jana nilirudi nyumbani kukusanya istilahi za ukoo za Kibembe kwa ajili ya tasnifu yangu. Kaka sasa anaendesha pikipiki, naye ndiye aliyenibeba kupanda kutoka Baraka hadi Fizi. Katika nyumba ya kwanza tulipewa viti na maji, nikatoa hojaji niliyoichapa mwenyewe hapa kitivoni, nikamwomba mama mwenye nyumba anitajie wote anaoishi nao na anavyowaita. Alikuwa mwema, alitaja polepole ili niandike. Alipofika katikati, kalamu yangu ilisimama. Jedwali lilikuwa limekwisha.

Kaka alikuwa akichungulia begani kwangu. Alihesabu mistari kwa kidole, kuanzia juu mpaka chini: minane.

“Umerudia tena,” akasema.

Miaka kumi ilikuwa imepita bila mmoja wetu kuligusa neno lile. Nilitaka kumwomba radhi palepale, lakini yule mama alikuwa bado anatungoja, mkono wake umeelekezwa kwa mtoto aliyesimama mlangoni ambaye sikuwa nimemwandika. Niligeuza karatasi, nikaendelea upande wa nyuma. Msamaha niliuomba jioni, njiani tukishuka, nikipaza sauti ili upepo usiumeze.