Ndege Kubwa na Kamio ya Kaka Yangu

Tarehe 31 Januari 2023 Wakongo wengi wanaikumbuka. Siku ile Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, alishuka Kinshasa, na kesho yake watu zaidi ya milioni moja walikusanyika kwenye uwanja wa Ndolo kusali Misa pamoja naye. Sisi wa Lubumbashi tuliokosa nauli tulifuata mambo yote kwa redio na televisheni.

Siku ileile, mbali sana na kwetu, katika kiwanda cha Boeing kilichoko Everett, nchini Marekani, ilifanyika sherehe nyingine. Wafanyakazi walikabidhi ndege ya mwisho ya aina ya Boeing 747, ile ambayo dunia nzima iliiita Jumbo. Ilikuwa ya 1,574. Baada yake haitaundwa nyingine.

Wiki ile mwanafunzi wangu mmoja aliinua mkono darasani. «Mwalimu,» akasema, «mtu mkubwa kama Papa, mbona alikuja kwa ndege yenye injini mbili tu? Mbona hakupewa Jumbo yenye injini nne?» Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali lile liligusa kidonda changu. Nawaombeni ruhusa niwaeleze.

Nilipokuwa seminari ndogo, ukutani mwa darasa la fizikia palikuwa na kalenda ya zamani ya kampuni ya Sabena, yenye picha ya Jumbo. Miezi yake ilikuwa imekwisha kupita miaka mingi, lakini hakuna aliyethubutu kuitoa. Sisi watoto tuliitazama ndege ile yenye kibyongo mgongoni, tukahesabu madirisha yake, tukaamini kwamba maendeleo maana yake ni hayo: kila kitu kiwe kikubwa kuliko kilichotangulia.

Na kweli, walioiunda waliwaza vivyo hivyo. Mwaka 1966 kampuni ya Pan American iliagiza ndege 25 za namna hiyo kabla hata moja haijaundwa. Ilitaka ndege itakayobeba watu mara mbili na nusu kuliko ndege kubwa za wakati ule. Mhandisi Joe Sutter na wenzake wakafanya kazi usiku na mchana, na tarehe 9 Februari 1969 Jumbo ya kwanza ikaruka. Tarehe 22 Januari 1970 ilianza kuchukua abiria, kutoka New York mpaka London. Mwaka uleule Sabena nayo ilipata za kwake.

Hesabu yao ilikuwa rahisi. Gharama za safari moja ukizigawa kwa watu wengi, kila mmoja atalipa kidogo. Kwa sababu hiyo watu wengi ambao zamani hawakuweza kusafiri walivuka bahari kwa mara ya kwanza ndani ya Jumbo. Jambo hilo ni jema, wala tusilisahau.

Hesabu hiyohiyo ndiyo niliyompa kaka yangu mwaka 2017. Baba yetu alipofariki alituachia kiwanja kimoja. Kaka yangu alikuwa na kamio ndogo iliyobeba magunia 80 ya mahindi kutoka upande wa Kasenga mpaka Lubumbashi. Alitaka kuuza kiwanja na ile kamio ndogo, akope na fedha nyingine, anunue kamio kubwa ya magunia 400. Alinijia usiku, akaniambia: «Mdogo wangu, wewe umesoma. Nihesabie.»

Nikachukua kalamu. Safari ya kamio ndogo ilimgharimu dola 120, yaani dola moja na nusu kwa kila gunia. Safari ya kamio kubwa ingemgharimu dola 400, yaani dola moja tu kwa gunia. Nikapiga mstari chini ya jibu, nikamwambia: «Yaya, nunua kubwa.» Mama alikuwa ameketi karibu na jiko, akauliza: «Na magunia mia nne yatatoka wapi kila juma?» Nilimjibu kwa adabu, lakini moyoni nilimdharau, kwa sababu hakusoma hesabu.

Wakati wa mavuno mambo yalikwenda vizuri. Baadaye kamio ilianza kungoja. Ilingoja siku tatu, ikangoja siku tano, ili ijae. Wakulima hawakutaka kungoja. Wakawapa mahindi yao wenye kamio ndogo, waliopita kila asubuhi na kuingia hata katika njia nyembamba za vijijini. Kaka akaanza kuondoka na magunia 200. Mazutu ilikuwa ileile karibu sawa, na mshahara wa dereva ni uleule. Basi kila gunia sasa lilimgharimu dola mbili. Mwaka 2019 aliiuza kamio ili alipe deni. Kiwanja cha baba kilikuwa kimekwisha kwenda. Tangu hapo tulisalimiana kwa heshima, tukaonana katika Misa na katika matanga, lakini neno la kamio hatukuligusa hata mara moja.

Hivyo mwanafunzi yule alipouliza, nilimwomba anipe siku mbili. Nikasoma habari za Jumbo, na katika kila ukurasa nilimwona kaka yangu.

Tangu miaka ya kwanza Jumbo ziliruka na viti vingi vitupu. Kampuni moja ya Marekani iliondoa baadhi ya viti, ikaweka mahali pake kinanda cha kuwafurahisha abiria. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda sana. Ndege yenye viti vitupu hunywa mafuta karibu sawa na ndege iliyojaa, kwa maana inajibeba yenyewe kwanza.

Jambo la pili ni injini. Zamani sheria ya Marekani haikuruhusu ndege ya injini mbili kwenda mbali zaidi ya mwendo wa dakika 60 kutoka kiwanja cha kutulia, kwa kuhofia injini moja kuzimika juu ya bahari. Injini zilipokuwa imara zaidi, muda huo uliongezwa kuwa dakika 120 mwaka 1985, na dakika 180 mwaka 1988. Mwaka 1995 Boeing 777 ilianza kazi. Hiyo hubeba watu zaidi ya 300 kwa injini mbili tu, tena huvuka bahari bila shida. Sasa nani angependa kulisha na kutengeneza injini nne?

Jambo la tatu ni abiria wenyewe. Ndege kubwa inataka watu wakusanyike kwanza katika mji mmoja mkubwa ili ijae. Lakini msafiri hutaka kuondoka karibu na kwake, na kufika moja kwa moja anakokwenda, siku anayoitaka. Ndege ya kadiri inaweza kumfanyia hivyo.

Kampuni ya Airbus ya Ulaya haikuamini mambo hayo. Iliunda A380, yenye ghorofa mbili kutoka mbele mpaka nyuma na mabawa ya karibu mita 80. Iliruhusiwa kubeba hadi watu 853. Ilianza kuchukua abiria mwaka 2007. Ya mwisho ilikabidhiwa Desemba 2021, na zote pamoja ni 251 tu. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga njia za dunia, British Airways, KLM na Qantas ziliagana na Jumbo zao za abiria, na Air France ikaacha A380. Ile iliyomleta Papa kwetu, Airbus A350, ni ya kizazi kipya, yenye injini mbili. Haikuwa dharau hata kidogo.

Lakini tusipotoke upande mwingine na kusema kwamba kikubwa ni kibaya. Kampuni ya Emirates ya Dubai ina A380 nyingi, kwa kuwa katika mji ule watu wa pande zote hukutana, na viti hujaa. Abiria walipoongezeka tena baada ya korona, kampuni kadhaa zilizirudisha kazini A380 walizokuwa wameziweka pembeni. Na Jumbo nyingi zinazoruka sasa hubeba mizigo. Walioiunda walikwisha kuwaza hivyo: waliweka chumba cha rubani juu, ili pua yake iweze kufunguliwa na mizigo iingie kwa mbele. Kibyongo kile nilichokistaajabia utotoni kilitoka hapo.

Nilimjibu mwanafunzi wangu yote hayo. Kisha nikawaambia darasa zima kwamba hesabu ya kugawa huwa kweli kama tu kile unachokigawia kipo. Nilipokwisha kusema hivyo, niliona haya. Nilikuwa nimewaungamia watoto kosa ambalo sijamwungamia mwenyewe niliyemkosea.

Jumamosi nilikwenda kwa kaka yangu. Nilimkuta akifunga magunia kwenye kamio ndogo ya tajiri mwingine, maana sasa yeye ni dereva wa mtu. Nikamwambia: «Yaya, mwaka ule nilikuhesabia vibaya. Nilihesabu kana kwamba kamio itajaa kila siku. Mama aliuliza swali la haki, nami nilijivuna. Nisamehe.»

Alifunga kamba mpaka mwisho kwanza. Halafu akasema: «Mimi nami nilitaka kubwa, mdogo wangu. Nilitaka watu waone. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema kwamba hujaza pipa.» Akanionyesha barabara. Kamio yetu ya zamani, alisema, siku hizi hubeba saruji, nayo hujaa kila siku. Ubaya haukuwa wake. Kisha akaniuliza kama ninaweza kumsaidia kusukuma gunia la mwisho. Tukalisukuma pamoja.

Wazazi wapenzi, nanyi vijana, mtu akiwashauri kujenga nyumba kubwa, kufungua duka kubwa au kununua gari kubwa, msimfukuze, wala msimkubalie upesi. Mwulizeni swali la mama yangu. Na kama yuko mtu mliyemshauri vibaya, msingoje mwanafunzi awaulize.